Kupima mwanga wa urujuanimno wa naitrojeni iliyogongwa na elektroni: mwongozo kamili wa maabara

Machi 1988 setilaiti ya San Marco D/L ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ndani yake kulikuwa na chombo cha kupima mwanga wa jua pamoja na mwanga hafifu unaotolewa na anga la juu lenyewe. Sehemu ya mwanga huo hafifu, hasa ule wa urujuanimno, ni ya naitrojeni. Mionzi ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli zilizo juu kabisa, elektroni hizo huzigonga molekuli za naitrojeni (N₂), na molekuli iliyogongwa hutoa fotoni. Hadi leo mwanga huohuo unatumika. Chombo cha GOLD, kilichopanda angani Januari 2018 kikiwa kimebebwa na setilaiti ya mawasiliano, huutazama kati ya nanomita 132 na 162, na chombo cha anga cha Cassini kiliuona kwenye Titan, mwezi wa Zohali wenye anga lililojaa naitrojeni.

Fotoni ikionekana kutoka angani inakuambia tu kwamba naitrojeni ipo. Kujua ni kiasi gani, na imegongwa na elektroni ngapi, kunahitaji namba ambayo anga halikupi: uwezekano wa elektroni ya nishati fulani kuizalisha fotoni hiyo. Namba hiyo hupimwa chini, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi anayetaka kuipima vizuri. Nimeuandika nikisisitiza jambo moja lililonigharimu muda mwingi: fotoni unazozihesabu si lazima ziwe ndizo zote zilizotoka.

Unachokitafuta

Namba hiyo tunaiita eneo la mgongano wa utoaji mwanga. Ifikirie molekuli kama shabaha. Eneo la shabaha hiyo, kwa macho ya elektroni, linaamua ni mara ngapi fotoni ya aina fulani itatoka. Hesabu yake ni fupi: idadi ya fotoni kwa sekunde ni eneo hilo, mara wingi wa molekuli katika sentimita moja ya ujazo, mara idadi ya elektroni zinazopita kwa sekunde, mara urefu wa njia unaoutazama.

Fanya makisio kabla hujafunga hata skrubu moja. Chukua kanieneo ya tori 10⁻⁵ (tori ni kizio cha kanieneo) kwenye joto la chumba: hiyo ni molekuli bilioni 320 kwa kila sentimita ya ujazo. Mkondo wa mikroampea 10 ni elektroni 6.2 × 10¹³ kwa sekunde. Kama eneo la mgongano ni 10⁻¹⁸ cm² na unatazama sentimita moja ya njia, zitatoka fotoni milioni 20 hivi kila sekunde. Zinaonekana nyingi, lakini hutawanyika pande zote. Kioo cha kukusanya mwanga chenye uwiano wa f/10 hupokea takriban moja kati ya 1,600, na vioo na kigunduzi kwa pamoja vinaweza kubakiza asilimia 1 tu ya hizo. Unabaki na mipigo 125 hivi kwa sekunde. Inatosha, ila inakuonya kwamba uchafu mdogo tu unaweza kuifunika ishara yako.

Naitrojeni hutoa mwanga kwa familia kadhaa, nawe unapaswa kuzitambua kama unavyotambua sauti za watu wa nyumbani. Familia ya Lyman-Birge-Hopfield, tutakayoiita LBH, huanzia karibu nanomita 127 na kuendelea hadi karibu 260. Inatoka kwenye hali ya nishati inayoitwa a, ambayo inaanza elektronivolti (eV) 8.55 juu ya hali ya chini. Familia chanya ya pili ina mstari maarufu wa nanomita 337.1, kutoka hali ya C yenye kizingiti cha eV 11.03. Molekuli iliyopoteza elektroni moja hutoa nanomita 391.4, kuanzia eV 18.75. Molekuli ikivunjika, atomi moja huweza kutoa nanomita 120.0, 149.3 au 174.3.

Hatua ya 1: Ombwe

Oksijeni ya hewa humeza karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 200, kwa hiyo njia nzima ya mwanga, kuanzia unapozaliwa hadi kwenye kigunduzi, lazima iwe ndani ya ombwe. Tumia pampu ya turbo (yenye mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa) ikisaidiwa na pampu isiyotumia mafuta. Mvuke wa mafuta hukaa juu ya vioo, urujuanimno huuchoma ukawa utando, na uwezo wa vioo hushuka wiki baada ya wiki bila wewe kuona chochote kwa macho.

Pasha chombo joto usiku kucha hadi kifike tori 10⁻⁷ au chini zaidi kabla ya kuingiza gesi. Adui mkubwa ni maji yaliyonata kwenye kuta. Elektroni zikigonga mvuke wa maji hutoa mstari wa haidrojeni wa nanomita 121.6, jirani kabisa na ule wa naitrojeni wa 120.0. Ukiuona huo, bado hujakauka. Ukiona na 130.4, una oksijeni, na pengine kuna mahali panapovuja.

Hatua ya 2: Elektroni zinazokwenda unakotaka

Waya wa tangsteni uliopashwa moto hutoa elektroni, na sahani zenye volti tofauti huzivuta na kuzifanya mwale mmoja. Mwisho wa safari weka kikombe cha Faraday, yaani kikombe cha metali kinachokusanya elektroni ili mkondo wake upimwe, kirefu kuliko upana wake, chenye volti chanya kidogo ili elektroni zilizoingia zisiruke nje. Pima mkondo wa kikombe na mkondo wa kuta kwa pamoja. Kama kuta zinapokea zaidi ya asilimia chache, mwale wako haujanyooka.

Uga wa sumaku wa dunia usiuchukulie kirahisi. Elektroni ya eV 20 ndani ya uga wa mikrotesla 50 hupinda kwa duara la nusu kipenyo cha sentimita 30. Baada ya sentimita 10 tu imekwenda kando zaidi ya sentimita moja na nusu. Zungushia chombo koili za Helmholtz, yaani jozi za koili zinazotengeneza uga wa kuufuta ule wa dunia, upitishe mkondo, na uupime uga ukiwa ndani penyewe, palepale mwale unapopita. Hapa kwetu karibu na ikweta uga unalala karibu sambamba na ardhi, kwa hiyo koili inayofuta kaskazini na kusini ndiyo itakayofanya kazi kubwa.

Wengine hutumia sumaku yenye nguvu kuushika mwale usitawanyike. Njia hii inavutia kwa sababu mkondo unaongezeka, lakini sumaku hiyo huzinasa pia elektroni za pili, zile dhaifu zinazochomoka kwenye molekuli na kwenye kuta, nazo huanza kugonga gesi yako kwa nishati usizozijua. Mimi napendelea mwale dhaifu unaojulikana.

Volti inayoonekana kwenye chanzo cha umeme si nishati halisi ya elektroni. Tofauti ya metali za waya na chombo inaweza kuisogeza kwa volti moja au mbili. Tumia naitrojeni yenyewe kuisahihisha: mwanga wa 337.1 huanza eV 11.03 na hufika kilele chembamba karibu eV 14. Tazama kilele hicho kinatokea kwenye volti ngapi, tofauti unayoipata ndiyo sahihisho lako. Rudia kila unapobadilisha waya.

Hatua ya 3: Gesi

Tumia naitrojeni ya usafi wa asilimia 99.999, ukiipitisha kwenye vali ya sindano. Safisha bomba kwa kulijaza na kulinyonya mara tatu au nne. Kipimo cha kanieneo kiwe cha diaframu kinachopima msukumo wenyewe, kwa sababu kile cha ayoni husoma tofauti kwa kila gesi na kinafaa tu kufuatilia mabadiliko.

Kisha fanya majaribio mawili ambayo hayarukwi. Ongeza mkondo mara mbili: mwanga unapaswa kuongezeka mara mbili. Ongeza kanieneo mara mbili: vilevile. Mwanga ukiongezeka mara nne unapozidisha kanieneo mara mbili, elektroni za pili zimeingia kazini. Ukiongezeka pungufu ya mara mbili, gesi inameza mwanga wake yenyewe au molekuli zinazimana kwa kugongana. Mwanga wa nanomita 95.8, kwa mfano, unaomezwa na molekuli za naitrojeni zilezile zilizoutoa, ni mgumu sana kwa sababu hiyo. LBH haina tatizo hilo, kwa kuwa mpito wake ni ule ambao sheria za kawaida za mwanga huukataza, na molekuli tulivu haiwezi kuumeza kirahisi.

Chumba kiwe na hewa ya kutosha. Naitrojeni ya silinda haina harufu wala rangi, na ikijaa kwenye chumba kidogo humwangusha mtu kabla hajajua.

Hatua ya 4: Macho ya kuuona urujuanimno

Dirisha la magnesi floraidi hupitisha mwanga hadi karibu nanomita 115, lithi floraidi hadi karibu 105. Chini ya hapo hakuna dirisha, mwanga upite uwazi mtupu. Spektromita, kifaa kinachoutenganisha mwanga kwa urefu wa wimbi, iwe na kioo chenye mistari sambamba maelfu, kilichopakwa alumini na magnesi floraidi juu yake. Kigunduzi chenye sizi ayodaidi kinafaa sana kwa nanomita 115 hadi 190, kwa kuwa hakioni mwanga wa kawaida, na kwa hiyo mwanga wa waya wako unaowaka hausumbui. Kwa 337.1 utahitaji kigunduzi kingine, na hapo waya huo utakusumbua kweli. Weka kizuizi cheusi kati yake na mlango wa spektromita.

Kigunduzi kina volti 2,000 au zaidi. Usiiwashe kabla kanieneo haijashuka chini ya tori 10⁻⁵, la sivyo cheche zitakiunguza. Kama gesi kwenye chumba cha mgongano iko juu ya hapo, spektromita iwe na pampu yake peke yake.

Mwanga unaotoka kwenye mwale wenye mwelekeo mmoja unaweza kuwa na upolarishaji, yaani mawimbi yake kuyumba zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ukitazama kwa digrii 54.7 kutoka mwale, athari yake kwenye jumla ya mwanga hufutika. Ukilazimika kutazama kwa digrii 90, pima upolarishaji wenyewe.

Hatua ya 5: Spektra

Weka nishati kwenye eV 100 kwanza, kwa sababu hapo familia zote zipo. Skani taratibu. Mistari ya atomi, 120.0 na 149.3 na 174.3, ndiyo itakayokupa nukta za kusahihisha mizani ya urefu wa wimbi. Kisha shuka eV 20: mistari ya atomi hupungua na LBH hubaki imejitokeza, 132.5, 135.4, 138.3, 141.5, 145.0, kama meno ya kitana. Ile ya 135.4 ikumbuke. Angani inakaa ubavuni mwa mstari wa oksijeni wa 135.6, na wanaopima uwiano wa oksijeni na naitrojeni kutoka setilaiti hutegemea kuzitenganisha.

Kila spektra ipimwe mara tatu: gesi na mwale vyote vikiwepo, mwale bila gesi, na gesi bila mwale. Toa mbili za mwisho kutoka ya kwanza, ukikumbuka kutolitoa giza la kigunduzi, yaani mipigo inayojitokeza bila mwanga wowote, mara mbili.

LBH ina zawadi nyingine. Bendi zinazoanzia kwenye ngazi moja ya mtetemo ya juu hugawana mwanga kwa uwiano usiobadilika, uliokwisha kukokotolewa. Ukilinganisha uwiano unaouona na unaopaswa kuwa, unapata umbo la uwezo wa chombo chako kwa kila urefu wa wimbi, bila taa ya nje. Lihakiki kwa taa ya dyuteri iliyopimwa dhidi ya sinkrotroni (mashine inayozungusha elektroni hadi zitoe mwanga unaojulikana kwa hesabu), kama ile ya NIST, taasisi ya vipimo huko Gaithersburg, Marekani, lakini usiache njia ya LBH. Taa inaingiza mwanga kwa njia tofauti kidogo na mwale wako, wakati LBH inatoka palepale.

Hatua ya 6: Kuskani nishati

Sasa simamisha spektromita kwenye bendi moja na ubadilishe nishati, kutoka eV 5 hadi 200. Piga hatua za robo eV karibu na kizingiti, kubwa zaidi baadaye. Kila kipimo kigawe kwa mkondo na kanieneo vya sekunde hiyohiyo. Skani kwenda juu, kisha kurudi chini. Zikitofautiana, kitu kinahama.

Chini ya eV 8.5 LBH lazima iwe sifuri kabisa. Ikikataa, kuna mwanga wa kigeni, usiendelee. Inapaswa kupanda hadi kilele karibu eV 20, halafu kushuka polepole. Nanomita 391.4 hupanda hadi karibu eV 100, na eneo lake la mgongano hapo, karibu 1.74 × 10⁻¹⁷ cm², linajulikana kiasi kwamba unaweza kulitumia kama ushahidi wa afya ya mfumo wako. Nanomita 337.1 nayo inapaswa kuporomoka upesi baada ya kilele, kwa kuwa elektroni inayokwenda kasi haiwezi kubadilishana nafasi na elektroni ya molekuli kirahisi. Kama kwenye eV 100 na kuendelea mwanga wa 337.1 bado ni mwingi, hizo ni elektroni za pili, na zimechafua vipimo vyako vyote, si huo peke yake.

Hatua ya 7: Mwanga unaotoroka

Hapa ndipo nilipopotea. Nilipima LBH kwa mlango mwembamba wa spektromita, milimita chache kuzunguka mwale, nikapata namba ndogo mno ikilinganishwa na 120.0 niliyoipima siku ileile. Nikatumia wiki nyingi kutafuta kosa kwenye vioo. Vioo havikuwa na kosa. Molekuli zilikuwa zimeondoka kabla hazijatoa mwanga.

Hesabu yake ni hii. Hali ya C huishi nanosekunde 40 hivi, na ile ya 391.4 karibu 60. Katika muda huo molekuli haisogei hata unywele. Lakini hali ya a, kwa kuwa mpito wake umekatazwa, huishi mikrosekunde 56 au zaidi. Molekuli ya naitrojeni kwenye joto la chumba hukimbia wastani wa mita 470 kwa sekunde. Zidisha: sentimita 2.6. Yaani mwanga wa LBH hautoki kwenye mwale, unatoka kwenye wingu linalouzunguka mwale, pana kama kiganja. Ukichungulia milimita chache unaona kiini tu. Na kama ukuta uko sentimita 5 kutoka mwale, molekuli nyingine huufikia bado zina nishati, zikaugusa na kuiacha hapo. Mwanga huo hautatoka kamwe, hata ukiwa na kigunduzi bora duniani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, tumia chombo kipana kadiri unavyoweza. Kundi la watafiti wa Boulder, Colorado, Marekani, lilihamia kwenye chombo chenye kipenyo cha mita 1.5 kwa ajili ya tatizo hili. Pili, sogeza mlango wa spektromita hatua kwa hatua kutoka kwenye mwale, sentimita 0, 0.5, 1, 2, 4, 8 na kadhalika, upime LBH na 120.0 kila mara. Ile ya 120.0 itazimika mara tu unapotoka kwenye mwale, LBH itaendelea. Jumlisha LBH yote chini ya mchoro huo, si kilele chake. Tatu, kama ukuta unakukata kabla mwanga haujaisha, linganisha mchoro wako na hesabu ya molekuli zinazotawanyika kwa kasi za joto la chumba, ukadirie kilichopotea, na uandike wazi kwamba sehemu hiyo imekadiriwa.

Jaribio la nne linapendeza sana ukiwa na swichi ya haraka. Kata mwale ghafla. Mwanga wa 120.0 unakufa papo hapo. Wa LBH unafifia kwa makumi ya mikrosekunde. Kuwa mwangalifu na maana yake, kwani kwenye dirisha dogo unapima kwa kiasi kikubwa muda wa molekuli kutoka machoni pako, na si umri wake halisi.

Bado kuna mpororo. Jirani na hali ya a zipo hali mbili, a′ na w, zinazoishi muda mrefu zaidi na kuilisha a polepole, kwa mionzi isiyoonekana na kwa kugongana. Mwanga wake hutokea mbali zaidi na mwale, na sehemu inayotokana na migongano hubadilika na kanieneo. Ndiyo maana mchoro wako wa umbali ni lazima upimwe kwenye kanieneo mbili au tatu tofauti. Vikilingana, vizuri. Visipolingana, toa namba mbili: ya moja kwa moja na ya jumla pamoja na mpororo. Anga la juu lina nafasi ya kutosha kwa zote mbili kuisha, maabara yako haina.

Hatua ya 8: Thamani kamili

Hadi hapa una maumbo. Ili yawe sentimita za mraba, linganisha na kitu kinachojulikana. Desturi ni kuingiza haidrojeni kwenye chombo kilekile, kwa kanieneo na mkondo uleule, na kupima 121.6 kwenye eV 100. (Haidrojeni inalipuka, kwa hiyo bomba la kutolea la pampu lipelekwe nje.) Thamani iliyotumika zamani kwa mstari huo ilikuwa karibu 1.2 × 10⁻¹⁷ cm². Baadaye ikashuka hadi 8.18 × 10⁻¹⁸, kisha karibu 7. Kila namba ya naitrojeni iliyofungwa kwenye ile ya zamani ilishuka nayo. Linganisha haidrojeni na 120.0 ya naitrojeni kwanza, kwa kuwa zote ni za haraka na jirani, ndipo uvuke kutoka 120.0 kwenda LBH kwa mchoro wa hatua ya 7.

Hatua ya 9: Kosa na daftari

Jumlisha makosa kwa miraba, kisha chukua kipeo cha pili cha jumla hiyo. Tuseme ulinganisho una asilimia 12, kanieneo 5, mkondo 2, hesabu ya mwanga uliotoroka 4: jumla ni karibu 14. Utaona kwamba kupima usiku kucha ili kupunguza asilimia 2 ya mkondo hakukusaidii chochote wakati 12 ipo palepale.

Katika taarifa yako andika thamani ya haidrojeni uliyoitumia, nusu kipenyo cha chombo, upana wa mlango na umbali wake kutoka kwenye mwale, kanieneo zote, na volti za sahani zote. Weka pia mafaili ya mipigo mibichi, kabla ya kugawa wala kutoa chochote. Thamani ya 121.6 ikibadilika tena, mtu mwenye mafaili hayo atazihesabu upya namba zako kwa dakika kumi.